Pedali za Kunasa: Kutoka Mlango wa Feri hadi Tope la Dongo Kundu

Haya wasomaji, leo siandiki habari za seva wala programu. Leo ni pedali za baiskeli. Najua kuna atakayesema, "Huyu bwana amekosa la kuandika." Subiri kidogo. Nimeanguka mara mbili, nimeumwa goti miezi miwili, na nyumbani nikapewa onyo la mwisho, yote kwa sababu ya kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba. Na somo nililopata mwishowe ni lile lile ambalo kazi yangu ya kuandika programu ilikuwa ikinifundisha kila siku, ila mimi sisikii.

Tuanze mwanzo.

Mimi naishi Likoni, ofisi yetu iko Changamwe. Asubuhi nashuka na baiskeli hadi kivukoni, navuka na feri, napita kisiwani, Makupa, halafu naingia Changamwe. Hiyo ni lami, malori ya bandarini na matatu. Jumamosi ni siku ya vumbi. Ama navuka daraja la Nyali kuelekea Kisauni, kupitia Mtopanga, Kiembeni na Utange hadi Mwakirunge, ama nabaki kusini na kupanda Ng'ombeni kuelekea Kwale. Na tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike mwaka 2024, kilomita 17 na ushei, mtu anaweza kuzunguka kutoka upande wa Miritini hadi kusini bila kuiona feri. Pembeni yake kuna njia za udongo za kutosha kumchosha mtu.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, iliyoingia na kontena kutoka Uingereza. Ni zile wanazoziita baiskeli za changarawe: hendeli imepinda kama ya mashindano ya barabarani, lakini tairi ni nene na fremu ina nafasi ya kupitisha tope. Aina hii imekuja juu sana miaka ya karibuni. Mashindano ya kwanza ya dunia ya changarawe ya UCI yalifanyika Italia mwaka 2022. Hapa kwetu Kenya, Migration Gravel Race ilianza mwaka 2021 kule Maasai Mara. Aliyewafungulia wengi macho ni marehemu Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, aliyefariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya Vermont, Marekani. Mungu amrehemu. Nilikuwa nikimfuatilia, na ndiye aliyenifanya nione kuwa barabara zetu mbovu ni uwanja wa mchezo na si balaa tu.

Sasa pedali.

Jina lenyewe ni hitilafu

Kwa Kiingereza pedali hizi zinaitwa kwa jina lenye maana ya "zisizo na klipu", na ukizitumia unasema umejiklipu. Yeyote aliyewahi kurithi kodi ya mtu mwingine anaujua ugonjwa huu: jina lilikuwa na maana siku lilipotolewa, vitu vikabadilika, jina likabaki. Zamani waendesha baiskeli wa mashindano walikuwa wakiingiza vidole ndani ya kikapu kidogo cha chuma na kukaza mkanda juu yake. Kikapu hicho ndicho kilichoitwa klipu. Mwaka 1984 kampuni ya Kifaransa ya Look, iliyokuwa ikitengeneza vifungo vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ikatoa pedali inayonasa kiatu kwa springi bila kikapu. Mwaka 1985 Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa nazo. Klipu ikaondoka, jina likabaki. Mimi nitaziita pedali za kunasa, maana ndivyo zinavyofanya kazi.

Namna zinavyonasa ni hivi. Chini ya kiatu unafunga kipande kidogo, tukiite kliti. Unaingiza pua ya kliti mbele ya pedali, unakanyaga, springi ya nyuma inarudi na kuifunga. Tap! Kutoka, unazungusha kisigino kwenda nje mpaka springi iachie. Ukivuta juu, haitoki. Ukivuta nyuma, haitoki. Ni kisigino tu. Kumbuka hilo, maana ndilo lililoniangusha.

Kuanguka kwa kwanza

Baiskeli ilikuja na pedali zake, za mashindano ya lami. Kliti yake ni kubwa, ya plastiki, inafungwa kwa bolti 3 na kutokeza nje ya soli. Viatu nikavipata Kongowea kwenye mitumba. Muuzaji alidhani ni njumu za mpira, akashangaa mbona zina tundu 3 badala ya meno. Nikalipa shilingi 900, nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu.

Kicheko kiliisha Jumatatu yake. Msomaji wa Mombasa anakijua kivuko cha Likoni asubuhi. Geti linafunguliwa, halaiki inateremka, na wewe mwenye baiskeli unaisukuma katikati ya watu. Mlango wa feri ni chuma, na siku ile ulikuwa umelowa. Kutembea na kliti za plastiki juu ya chuma kilicholowa ni sawa na kutembea juu ya sabuni. Nilipiga hatua 3. Ya nne sikuimaliza. Nilikaa chini kwa nguvu, baiskeli juu yangu, na mama mmoja mwenye ndoo ya mahamri akalazimika kuruka pembeni. Ndoo haikumwagika, alhamdulillahi. Akaniangalia, akaangalia viatu vyangu, akasema, "Pole baba. Lakini viatu gani hivyo?"

Swali zuri sana lile. Nilichukua kifaa kilichobuniwa kwa mtu asiyeshuka kwenye baiskeli kwa saa 5, nikakipeleka mahali ambapo lazima nishuke mara 2 kabla ya saa 2 asubuhi. Ofisini tungesema sikuuliza mahitaji ya mtumiaji, na mtumiaji ni mimi mwenyewe!

Fundi wa chini ya mwarobaini

Nikaamua kubadilisha. Nikaagiza pedali nyingine za bei rahisi zinazofanana na zile maarufu za bolti 2. Jina la kampuni silitaji. Nikazipeleka kwa fundi wangu wa Mtongwe, mzee anayefanya kazi chini ya mwarobaini tangu zama za baiskeli za Raleigh na Black Mamba.

Kabla hajagusa kitu, nikataka kujifanya mjuzi. Nikachukua spana na kuanza kufungua pedali ya kushoto kama ninavyofungua skrubu yoyote. Nikavuta. Nikavuta zaidi. Mzee akanishika mkono.

"Mwanangu, hiyo wakaza. Kushoto hesi yake ni kinyume."

Nikamuuliza kwa nini. Akachukua kijiti, akakikamata kwa ngumi bila kukaza, akaniambia nizungushe ncha yake kwa kuchora duara. Nikazungusha kwenda kulia, na kijiti ndani ya ngumi kikajizungusha taratibu kwenda kushoto. "Mguu wakanyaga hivyo hivyo," akasema. "Uzito wazunguka, na ekseli yajipindisha kinyume chake. Hesi ingekuwa moja pande zote, ya kushoto ingejifungua yenyewe njiani."

Jamani, mimi nina shahada ya sayansi ya kompyuta na sikuwa nalijua hilo. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni hii: pande zote mbili, ukielekeza juu ya spana upande wa mbele wa baiskeli unakaza, ukielekeza nyuma unafungua.

Akanionyesha na jambo la pili. Alichukua pedali kuukuu ya Raleigh kwenye kopo lake, akaifunga kwenye krenki ya baiskeli yangu ya kisasa. Ikaingia kama imezaliwa hapo. Hesi ni ile ile, inchi 9/16 yenye meno 20 kwa inchi. Kila kitu kingine kwenye baiskeli kimebadilika mara kumi, lakini kiolesura hicho kimesimama palepale. Ndiyo maana unaweza kujaribu pedali za aina yoyote bila kununua baiskeli mpya. Sisi watu wa programu tukiandika kiolesura kikadumu miaka 3 tunakata keki.

Kuanguka kwa pili

Pedali zile za bei rahisi zilinasa vizuri mno. Springi yake ilikuwa ngumu na skrubu ya kuilegeza ilizunguka bila kubadilisha chochote. Nilifanya mazoezi dakika 10 uani, nikajiona nimehitimu.

Jioni moja narudi, nimeshavuka feri, niko karibu na stendi ya matatu Likoni. Tuktuk mbele yangu ikasimama ghafla. Nikafunga breki, nikazungusha kisigino cha kushoto, hakikutoka. Nikavuta juu kwa hofu, na kuvuta juu hakufungui. Baiskeli ikaegemea kulia, upande wa barabara, mguu wa kulia nao umenaswa. Ukianguka umenaswa hivyo huna la kufanya, unaanguka pole pole kama mnazi uliokatwa, una muda wa kutosha kuona kila kitu kinachokuja.

Kilichokuwa kinakuja ni matatu. Dereva alifunga breki, bampa ikasimama kama mita moja kutoka kichwa changu. Makanga akachungulia: "Mzee, shuka kwanza ndio uanguke!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mikono ilitetemeka mpaka nikafika nyumbani.

Mama watoto hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliosha kidonda cha kiwiko, akanifunga, kisha akasema, "Wewe umeniahidi utamfundisha huyu mtoto kuendesha hadi shule. Mimi simwachi mwanangu afuatane na mtu anayejifunga miguu barabarani. Ukirudi tena na damu, baiskeli hiyo nampa mgema." Binti yetu wa miaka 11 alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote.

Nikazing'oa pedali zile usiku ule ule.

Nilivyofikiri upya

Kwa wiki 6 niliendesha na pedali bapa za kawaida na viatu vya raba, nikaandika kwenye daftari ninachohitaji kweli. Swali la kwanza lilikuwa gumu: je, ninazihitaji pedali za kunasa hata kidogo?

Sababu niliyokuwa nikiisema kila siku ni nguvu: eti ukinaswa unavuta pedali juu na kwenda kasi zaidi. Nikasoma. Watafiti waliowapima waendeshaji maabara hawakuona faida hiyo kwenye mwendo wa kawaida, na kuvuta juu kwa makusudi kunaweza hata kuongeza nguvu unayotumia. Kwa hiyo hoja yangu kuu ikafutika.

Iliyobaki ni moja, lakini ni ya kweli. Kwenye njia ya mawe ya matumbawe kule Utange, mguu huruka kwenye pedali bapa. Ukiruka, pedali inarudi na kukukata muundi, au unakosa mhimili kwenye mteremko. Nina kovu la ushahidi. Kunaswa kule ni usalama. Kwenye stendi ya Likoni kunaswa ni hatari. Kifaa ni kimoja, mtu ni mmoja, na majibu ni mawili.

Nikaziangalia aina zilizopo:

1. Za bolti 3, za lami. Huwezi kutembea nazo, na mchanga ukiingia hazinasi. Kwa mwenye kuvuka feri, hapana.

2. Za bolti 2, mtindo wa SPD ulioletwa na Shimano mwaka 1990. Kliti ni ndogo, ya chuma, na imezama ndani ya soli, kwa hiyo unatembea kama binadamu. Pedali kama M520 hunasa pande zote mbili, ina uzito wa gramu 380 kwa jozi, na springi hulegezwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 3. Ni ngumu kufa.

3. Eggbeater za Crankbrothers, zenye pande 4 za kunasa. Ziko wazi, tope linapita. Ila ugumu wa springi haurekebishwi, na kliti zake ni za shaba nyeupe, huisha haraka kuliko za chuma cha pua.

4. Za sura mbili, kama EH500 ya Shimano: upande mmoja bapa, upande wa pili SPD.

Na jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji: hata kliti za SPD ziko za aina mbili. Ile iitwayo SH51 huachia kwa kuzungusha kisigino tu. SH56 huachia kwa pembe zaidi ya moja, hata ukivuta kwa hofu kwenda juu na pembeni, mara nyingi inakuachia. Laiti ningelijua hilo kabla ya siku ile ya matatu!

Nikachagua EH500 na kliti za SH56, springi nikailegeza hadi mwisho. Mjini naendesha upande wa bapa. Lami ikiisha, nageuza pedali na kunasa.

Majaribio

Safari hii sikuwa na haraka. Huwezi kupeleka programu mpya kwa wateja kabla haijajaribiwa kando. Nilinasa na kunasua mara 100 nimeegemea ukuta, nikaenda uwanja wa mchanga wa Mtongwe, nikaenda Mwakirunge Jumamosi mapema kukiwa hakuna magari. Barabarani kwa watu sikunasa mwezi mzima.

Goti likaanza kuuma, la kulia, upande wa nje. Nilikuwa nimezifunga kliti kwa macho tu. Kosa la kwanza nililofanya ni kubadilisha kila kitu kwa mpigo: siti, kliti, hendeli. Goti likazidi na sikujua kwa sababu gani. Basi nikarudi kwenye desturi ya kutafuta hitilafu: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Nikarudisha siti na hendeli zilipokuwa, nikasogeza kliti nyuma kidogo ya pale kidole gumba kinapoungana na mguu, kisha nikageuza pembe yake ifuate namna mguu wangu unavyokaa kiasili, maana mimi hutembea vidole vikiangalia nje. Wiki 3 baadaye maumivu yakaisha. Ukipata maumivu yasiyoisha, nenda kwa daktari, usinisikilize mimi.

Mtihani wa mwisho ulikuwa masika. Mwezi Mei niliingia njia za pembeni za Dongo Kundu baada ya mvua ya usiku. Jina la mahali halidanganyi: ni dongo kweli, mfinyanzi unaoganda kama saruji. Kisauni mchanga unakauka na kudondoka. Huku tope lilijaa kwenye kliti mpaka ikawa kama kisigino cha pili. Kunasa kukakataa kabisa. Hapo mwenye Eggbeater angenicheka, na ana haki. Lakini nilichofanya ni kugeuza pedali upande wa bapa na kuendelea hadi lami. Sasa nabeba spoki kuukuu mfukoni kwa kuchokolea tope.

Hasara zipo pia. Asubuhi gizani nautafuta upande ninaoutaka kwa mguu kama mtu anayetafuta ndara. Na chumvi ya hapa pwani haina huruma: bolti za kliti zangu za kwanza ziliota kutu mpaka fundi akazitoboa kwa drili. Paka grisi kwenye hesi kabla ya kufunga, za kliti na za pedali, na zifungue kila baada ya mwezi au miwili hata kama hakuna tatizo.

Kwa ufupi

Ukiendesha lami na mjini tu, baki na pedali bapa na usione haya. Ukiendesha vumbi tupu na hushuki sana, chukua SPD za pande mbili. Ukikaa kwenye tope, Eggbeater zina hoja. Ukiishi kama mimi, nusu feri nusu changarawe, chukua za sura mbili, kliti za kuachia kwa pembe nyingi, na springi laini. Na usikubali mtu akuambie kipi ni bora kabla hajakuuliza unapita wapi.

Mwaka sasa umepita, sijaanguka. Mwezi uliopita mama watoto alitusindikiza hadi mwanzo wa njia, binti mbele na mimi nyuma, kwenda Shika Adabu na kurudi. Mtoto anaangalia viatu vyangu kila siku na juzi akaniuliza, "Baba, na mimi utanifungia lini hizo za kunasa?"

Nikamwambia ajifunze kwanza kuweka mguu chini. Mama yake alikuwa jikoni. Hakusema kitu, lakini nilisikia sufuria ikiwekwa mezani kwa upole.

Haya, tuonane kivukoni.